Mtoto Kaumwa na Mbwa Malindi: Umdai Mwenyewe, Uende Mahakamani, au Uiombe Serikali?

Mtoto wa dada yangu aliumwa na mbwa Maweni, saa kumi na moja jioni, akitoka chuoni na juzuu yake kwapani. Ana miaka tisa. Meno yaliingia kwenye shavu la mguu wa kulia. Kabla ya magharibi kila mtu mtaani alikuwa na shauri lake. Mmoja alisema twende polisi sasa hivi. Wa pili akasema tusiende, mwenye mbwa ni jirani. Wa tatu akaapa kwamba serikali hulipa watu walioumizwa na wanyama, tena mamilioni, na kwamba yeye anamjua mtu wa Chakama aliyelipwa. Huyo wa tatu ndiye aliyenipotezea siku nyingi zaidi, kwa sababu alilosema ni kweli, ila halimhusu mbwa.

Naandika kwa ajili ya mzazi atakayekaa kesho kwenye benchi la hospitali, mtoto kafungwa bendeji, na yeye hajui aanzie wapi. Njia za kudai ziko nne: kuiomba serikali, kuelewana na mwenye mbwa, kwenda polisi, na kufungua madai mahakamani. Hazilingani kwa muda, kwa gharama, wala kwa uhakika wa kupata kitu.

Kwanza mguu, halafu pesa

Njia yoyote utakayoichagua, saa ya kwanza haibadiliki. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Usitie mafuta ya taa, usibandike majani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, lakini chanjo inayoanza mapema hukizuia. Kama meno yametoboa ngozi na damu imetoka, muulize daktari kuhusu kingamwili inayodungwa kwenye kidonda chenyewe, maana hiyo ni tofauti na chanjo ya mkononi. Sisi tulipewa ratiba ya siku 0, 3, 7, 14 na 28. Ilipofika siku ya 14 mtoto alikuwa anacheza mpira kama kawaida, na dada yangu akaona zilizobaki ni usumbufu wa bure. Nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe. Usiache dozi hata moja.

Mbwa asiuawe kwa hasira. Mbwa anayejulikana hufungiwa akatazamwa siku 10, na huku chanjo ya mtoto inaendelea. Akibaki mzima mpaka siku ya kumi, hakuwa na virusi mateni siku aliyouma. Mbwa aliyepigwa mawe akatupwa jaani hatakwambia lolote, wala hatakuwa ushahidi.

Na karatasi. Piga picha ya kidonda siku ya kwanza, kisha kila baada ya siku chache mpaka kipone, kwa sababu kovu la mwezi wa tatu halionyeshi damu ya siku ya kwanza. Weka kadi ya chanjo, risiti za dawa, hata nauli za tuktuk andika kwenye daftari na tarehe zake. Nguo iliyoraruka ipigwe picha kabla haijafuliwa. Dada yangu aliiosha kanzu ya mtoto mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini ilivyotufunza tangu utotoni, na alikuwa na haki yake. Lakini picha tungeipiga kwanza.

Njia ya serikali, na kwa nini ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani

Jirani wa tatu alikuwa anazungumzia Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Humo viwango vimeandikwa: mtu akiuawa na mnyama wa porini, familia yake hulipwa shilingi milioni 5, akipata ulemavu wa kudumu, milioni 3, akijeruhiwa vinginevyo, hadi milioni 2 kulingana na ukubwa wa jeraha. Unaripoti kwa shirika la wanyamapori, KWS, unajaza fomu, na kamati ya kaunti inayakagua madai. Huku kwetu watu wanaijua njia hii. Tembo hutoka Tsavo Mashariki wakaingia mashamba ya Chakama, na mto Sabaki una viboko na mamba. Lamu nako, upande wa Witu na Mpeketoni, nyati na kiboko si habari ngeni. Pesa huchelewa, wapo waliongoja miaka, lakini anayedai ana kifungu cha sheria cha kusimamia.

Katika orodha ya wanyama wa sheria ile mbwa mwitu yumo. Mbwa wa jirani hayumo. Nilipokwenda ofisini na picha ya mguu wa mtoto, aliyenipokea aliniuliza swali moja tu: "Huyu mbwa ana mwenyewe?" Nikasema anaye. Akafunga daftari, akanieleza kwa upole kwamba nimekuja mlango usio wangu. Hilo swali lake ndilo linalokata njia zote hizi. Mnyama wa porini yuko chini ya dola, kwa hiyo dola inabeba mzigo wake. Mbwa wa nyumbani ana mtu aliyemfuga, akamlisha, akamfungulia geti, na sheria inamtazama mtu huyo kwanza.

Je, kama mbwa ni koko, hana mwenyewe? Hapo ndipo mtu anapoanguka katikati. KWS si yake, na jirani wa kumdai hayupo. Anayebaki ni kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na ustawi wao, na limetaja kwa jina utoaji wa leseni za mbwa. Kwa hiyo ukiandikia Kaunti ya Kilifi au ya Lamu kuhusu mbwa koko, hujakosea mlango. Shida ni kwamba hakuna kifungu kinachosema aliyeumwa na mbwa alipwe kiasi fulani. Kinachowezekana ni malipo ya hisani: serikali inaamua kukusaidia bila kukiri kosa na bila kulazimishwa na sheria yoyote. Jina lenyewe linaonyesha udhaifu wake. Deni hudaiwa, hisani huombwa, na ukinyimwa huna kiwango cha kumwonyesha hakimu.

Nchi nyingine zimelipitia hili, na inafaa kuzitazama kwa sababu zinaonyesha hisani inaweza kugeuka kuwa nini. Uingereza ilianza mpango wa kuwalipa walioumizwa na uhalifu mwaka wa 1964, na kwa zaidi ya miaka 30 malipo yale yalikuwa ya hisani tu. Bunge lao likayatungia sheria mwaka wa 1995. Leo mwombaji kwa kawaida ana miaka miwili ya kuwasilisha maombi, na kiwango cha juu kabisa ni pauni 500,000. Hata hivyo, chini ya kanuni zao za 2012, aliyeumwa na mbwa halipwi na mpango huo ila kama mtu alimtumia mbwa makusudi kumdhuru. Mbwa aliyeponyoka getini hahesabiwi. Huyo wanamwachia mwenyewe, kama huku kwetu.

India mambo yamekwenda upande mwingine. Mwaka wa 2023 Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana iliamua kwamba serikali ya jimbo ndiyo ya kwanza kuwajibika kwa watu wanaodhuriwa na wanyama wanaozurura, na kwa mbwa ikaweka kipimo: si chini ya rupia 10,000 kwa kila alama ya jino, na rupia 20,000 kwa kila sentimita 0.2 ya nyama iliyong'olewa. Serikali ikishalipa, inaweza kumfuata mwenye makosa imdai. Nilipomsomea dada yangu uamuzi huo, alihesabu kimya kimya alama zilizo kwenye mguu wa mwanawe. Sita.

Naamini kwa dhati kwamba kaunti zetu zingeweza kutenga fungu dogo la namna hiyo kwa walioumwa na mbwa wasio na mwenyewe, angalau gharama ya chanjo na nauli. Mpaka siku hiyo, ombi kwa serikali lipeleke, ila usiliwekee matumaini yako yote. Andika barua fupi kwa ofisi ya kaunti inayohusika na mifugo na ile ya afya, nakala kwa mwakilishi wadi. Taja mahali, tarehe, nambari ya OB (ile ya kitabu cha matukio cha polisi), ambatisha nakala za risiti, na omba mambo mawili kwa kuyatenganisha: usaidiwe gharama za matibabu, na mbwa wa eneo hilo washughulikiwe. La pili mara nyingi hujibiwa kabla ya la kwanza. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti, na ombi la mtaa mzima lenye sahihi lina uzito kuliko la mzazi mmoja. Kuishtaki kaunti kwa uzembe ni jambo jingine. Ukifikiria hilo, mwone wakili mapema, kwa sababu madai ya madhara dhidi ya serikali yana mwaka mmoja tu.

Mwenye mbwa, mzee wa mtaa, na karatasi yenye sahihi

Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote, na ndiyo inayoharibika upesi ikifanywa kwa mdomo. Mwenye mbwa wetu alikuja siku ya pili jioni, amevua kofia, akampa mtoto pole, akaahidi kulipa kila kitu. Alimaanisha. Lakini "kila kitu" cha siku ya pili si kile cha wiki ya nne, dozi zinapofuatana, mama hajaenda kazini, na mtoto anaamka usiku akilia.

Kwa hiyo mkutane mbele ya mzee wa mtaa au chifu, na muandikiane. Karatasi iseme nani ana mbwa, tukio lilikuwa lini na wapi, kiasi gani kimelipwa na kipi kimebaki, kwa tarehe zipi, na mbwa atafungiwa vipi. Msiandike kwamba madai yote yamekwisha kabla chanjo haijakwisha na daktari hajasema kovu litakuwaje. Wengi hukosea hapo: wanatia sahihi kwa ajili ya heshima, halafu kidonda kinatunga usaha.

Kama nyumba ni ya mgeni, kama nyingi za upande wa Casuarina, mwenyewe yuko Italia na getini kuna mlinzi tu, usimwelemee mlinzi kwa pesa ambazo hana. Uliza nani anasimamia nyumba, nani analipa chakula cha mbwa. Anayemtunza mbwa na kumdhibiti anaweza kudaiwa pamoja na mwenye nyumba.

Polisi

Ripoti lazima uipige, hata kama mnaelewana. Nambari ya OB na fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza jeraha iliyojazwa na daktari, ndizo zitakazokusimamia kama maelewano yatavunjika. Jirani asilichukulie kuwa uadui. Mweleze kabla hujaenda, kama nilivyofanya mimi.

Kesi ya jinai yenyewe ina msingi. Kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa mtu ambaye kwa uzembe hachukui tahadhari dhidi ya hatari inayotarajiwa kutoka kwa mnyama aliye naye. Akitiwa hatiani, kifungu cha 175 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinairuhusu mahakama kumwamuru amlipe aliyedhurika kile ambacho angelipwa katika kesi ya madai. Uzuri wake ni kwamba anayeendesha kesi ni upande wa mashtaka, wewe hulipi wakili. Ubaya ni kwamba kesi si yako. Huamui ianze lini wala iishe vipi, ushahidi unatakiwa kuwa mzito zaidi, na amri ya fidia iko mikononi mwa hakimu. Nionavyo mimi, jinai inamfaa mtu ambaye mbwa wake ameuma zaidi ya mara moja akaonywa asisikie, au aliyemwachia makusudi.

Mahakama ya Madai Madogo

Kama mwenye mbwa anakataa kulipa au anakupiga chenga, hapa ndipo ningekwenda. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 inaruhusu madai ya fidia ya majeraha ya mwili, na kikomo chake ni shilingi milioni 1. Kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na mahakama haibanwi na kanuni zote kali za ushahidi. Ukifika Mahakama za Malindi, uliza masjala kesi ya namna yako inafunguliwa wapi. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayefungua kwa niaba yake.

Utakachotakiwa kuonyesha ni uzembe: geti lililoachwa wazi, mnyororo uliokatika usibadilishwe, mbwa anayezunguka barabara ya watoto kila jioni. Ipo pia njia ya zamani zaidi, kwamba mwenyewe alijua mbwa wake ni mkali. Hapo shahidi mzuri ni mtu aliyewahi kuumwa au kukimbizwa na mbwa huyo huyo. Hata kile kibao cha "Mbwa Kali" kilichotundikwa getini kipige picha. Wenye nyumba hukiona kama kinga, na kweli kinaweza kuwasaidia dhidi ya mtu aliyeingia uani bila ruhusa. Lakini mbwa akitoka nje akamuuma mpita njia, kibao kile kile kinaonyesha kwamba mwenyewe alijua anafuga nini.

Ukiziweka pamoja

Kwa muda, maelewano yanaweza kukupa pesa ya dozi ya pili kabla siku yake haijafika. Madai madogo ni miezi. Jinai haina tarehe. Barua ya kaunti inaweza kukaa mezani bila jibu. Kwa gharama, barua ni bei ya karatasi na maelewano ni muda wako. Jinai ni nauli za kwenda kutoa ushahidi, na madai madogo yana ada za kufungua na nakala za hati. Kwa uzito, karatasi ya chifu ni nzuri maadamu mwenye mbwa ni muungwana. Hukumu ya mahakama unaweza kuitekeleza hata kama si muungwana. Kwa ujirani, kila mtu anajua jibu, ila mimi nimeona ujirani ukiharibiwa zaidi na ahadi isiyotimizwa kuliko na kesi iliyoelezwa mapema kwa adabu.

Kwa hiyo, kama mbwa ana mwenyewe na mwenyewe anakubali kosa: ripoti polisi, halafu muandikiane. Kama anakana au analipa nusu akanyamaza: madai madogo, na ile karatasi mliyoandikiana iwe kielelezo cha kwanza. Kama ni mkaidi wa miaka: polisi waendelee na kesi. Kama ni mbwa koko: kaunti, kwa barua na kwa ombi la mtaa, ukijua kwamba unaomba hisani. Na kama aliyemuuma mtu kweli ni fisi au mbwa mwitu huko Chakama, basi jirani yangu wa tatu alikuwa sahihi, nenda KWS.

Sisi tulichagua chifu na karatasi. Mwenye mbwa amelipa mara mbili kati ya tatu, na ameinua ukuta wa makuti kwa safu mbili za matofali. Malipo ya tatu ni mwisho wa mwezi. Yasipokuja, nitakuwa masjala wiki inayofuata, na nimeshamwambia hivyo uso kwa uso. Madai ya majeraha dhidi ya mtu binafsi yana miaka mitatu. Lakini mashahidi huhama na risiti hufifia wino, kwa hiyo faili la mtoto nimelitolea nakala mbili, moja kwangu na moja kabatini kwa dada yangu.